UZI: Kifaransa cha kubadilishana, askari sawa kwa sawa. Nani kawaambia ni sare?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Wakuu salaam. Hapa Malindi sataranji imeshika siku hizi, simu zimesaidia sana, vijana wanacheza Lichess ndani ya matatu toka Kilifi mpaka stendi alafu jioni wanakuja barazani kuhakikisha kwa ubao wa mbao. Ila kuna tabia moja inanikera. Ukichezwa ufunguzi wa Kifaransa cha kubadilishana, yaani 1. e4 e6 2. d4 d5 3. exd5 exd5 (herufi ni mstari wa ubao, namba ni safu, x ni kula), watazamaji wanaanza kutawanyika. "Ah hio sare hio, peaneni mikono mkanywe kahawa." Na wachezaji nao wanaamini, wanabadilishana kete moja moja mpaka wanabaki wafalme wawili na askari waliokwama, alafu wanaambiana umecheza vizuri. Nani kacheza? Hakuna aliyecheza hapo.

Nataka tuuangalie huu ufunguzi vizuri, maana wengi wetu tunakutana nao tukitaka tusitake, ukicheza Kifaransa na mweusi basi kila mwoga wa nadharia atakubadilishia hapo d5.

Kwanza uweke ubao mbele yako usome ukiwa nao. Baada ya hatua tatu kila upande umebaki na askari saba: a, b, c, d, f, g, h. Wa e wameondoka wote. d4 anatazamana na d5 na hakuna anayeweza kumpita mwenzake, mstari wa e uko wazi toka e1 mpaka e8, na ukiukunja ubao katikati askari wanalaliana kabisa. Zamu ni ya mweupe. Basi, hio ndio hali yote.

Sasa mjiulize, kilichofanana ni nini? Ni askari peke yao. Farasi hawajatoka, maaskofu hawajatoka, wafalme hawajaamua waingie ngomeni (kujificha pembeni karibu na ngome) upande mfupi au mrefu. Mtu anayesema mchezo umeisha kwa sababu askari wamefanana anasahau kete nyingine zote ambazo bado zina hiari yao. Tena ukitazama vizuri, askari wakiwa wamefanana ndio kete zinakuwa na kazi kubwa zaidi, kwa sababu hakuna upande wenye shambulio la askari la kutegemea. Katika Kifaransa cha kawaida mweupe anasukuma e5 anapata nafasi upande wa mfalme, mweusi anapiga c5, kila mtu anajua kazi yake toka mapema. Hapa hakuna aliyepewa kazi, unajitafutia.

Nikipata nafasi baada ya Isha naendelea.

SareTupu

Ami kwa heshima zote, hio kitu ni sare na injini (programu ya kupima nani anaongoza) inasema ni sare. Washa kompyuta uone, sifuri sifuri.

Nahodha Mamburui

SareTupu injini inasema sifuri hata hatua ya kwanza kabla mtu hajagusa kitu, karibu na sifuri basi. Kwahivo tusicheze kabisa?

SareTupu

Sijasema hivo nahodha. Nasema mtu akichagua kubadilishana hapo d5 anatangaza kwamba hataki vita.

Kitunda wa Shela (Malindi)

Hapo kwenye kutangaza hutaki vita nitakupa kisa, ngoja.

Mwaka 1990 kulikuwa na Interzonal kule Manila, yaani mashindano ya mchujo ya kupata watakaogombania kufika kwa bingwa wa dunia. Raundi ya mwisho Mikhail Gurevich ana mweupe dhidi ya Nigel Short wa Uingereza. Gurevich alikuwa anahitaji sare tu apite. Sare tu! Short yeye lazima ashinde. Short akacheza Kifaransa, na Gurevich akafanya kile ambacho SareTupu angekifanya, akabadilisha d5, askari sawa kwa sawa, tumalize twende zetu. Akapigwa. Short akapita, na njia hio hio ndio ilimfikisha mpaka kwa bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1993 wakagombania ubingwa London. Gurevich akabaki nje.

Mimi naona shida ya Gurevich haikuwa ufunguzi. Ufunguzi haukumdhuru. Shida ni kwamba aliuchagua kwa ajili ya kutocheza, na mwenzake aliuchukua kama mahali pa kuanzia kucheza. Mmoja akichezea matokeo na mwingine akichezea nyumba (vile viraba vya ubao) na mistari, wa pili ndio mwenye nguvu hata kama askari ni wale wale.

Na kinyume chake kipo. Kasparov mwenyewe aliucheza na mweupe kule Tilburg mwaka 1991, na mtu mwenye akili timamu hawezi kusema Kasparov alikuwa anatafuta sare.

BintiBarani

Mwalimu naomba swali la kijinga. Kama pande zote ni sawa si mweusi aige tu kila anachofanya mweupe? Askofu akitoka na mimi natoa, akiingia ngomeni na mimi naingia, atanishinda vipi?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Dada hakuna ujinga hapo, hilo ndilo swali lenyewe. Kuiga kunaenda mpaka siku mwenye zamu akifanya kitu cha kulazimisha, cheki au kula kete, na wewe huwezi kuiga kwa sababu lazima kwanza ujibu. Nikuonyeshe mfano mfupi wa ufunguzi mwingine, Petroff.

1. e4 e5 2. farasi f3 farasi f6 3. farasi anakula e5, na mweusi anaiga, farasi anakula e4. Mpaka hapo kioo. 4. malkia e2 anamtishia farasi wa e4. Mweusi anaona aah nimtoroshe, anamrudisha f6. Sasa 5. farasi c6! Farasi ametoka mstari wa e kwahivo malkia wa e2 anampa mfalme cheki, na farasi huyo huyo kutoka c6 anamtazama malkia wa mweusi pale d8. Cheki lazima ijibiwe, malkia anaenda. Umeona? Hakuna hatua ya mweusi ya kuiga pale.

Ndio maana katika Petroff hatua sahihi ya tatu ni d6, unamfukuza farasi kwanza ndio unakula. Hatua moja tu ya kujitofautisha inamwokoa.

Katika Kifaransa cha kubadilishana kuiga kunaweza kwenda mbali zaidi kabla hujaumia, na huko ndiko kunaleta uvivu. 4. farasi f3 farasi f6 5. askofu d3 askofu d6 6. ngomeni, ngomeni 7. askofu g5 askofu g4 8. farasi wa b anaenda d2, wa mweusi d7, 9. c3 c6 10. malkia c2 malkia c7. Hapo bado kioo, ubao umejaa, hakuna aliyekula kitu toka hatua ya tatu. Lakini ni zamu ya nani? Ya mweupe. Yeye ndio wa kwanza kuamua, na mweusi anayeendelea kuiga anaamuliwa.

KaloleniMpakaMalindi

Kwanini sasa inaitwa Kifaransa na tunacheza Waswahili na Wataliano 😂

Kitunda wa Shela (Malindi)

Hahaha. Ni mechi ya barua, London na Paris, ilianza 1834. Watu wa Paris wakajibu e4 kwa e6 na wakashinda, jina likakaa.

Turudi. Hapo pa kioo hatua ya kumi nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokosa la kufanya. Wanasema sina mpango. Mpango upo, uangalie maaskofu.

Askari wa mweupe wa katikati yuko d4, nyumba nyeusi. Kwahivo askofu wake wa nyumba nyeusi, yule aliyetoka c1 akaenda g5, anatembea nyumba za rangi ile ile ya askari wake mwenyewe, na huyo anamziba. Huyo ndio askofu dhaifu wa mweupe. Yule wa d3 wa nyumba nyeupe yuko huru, anaangalia h7 mchana kutwa. Mweusi ni kinyume, askari wake yuko d5 nyumba nyeupe, kwahivo askofu wake mzuri ni wa d6 na dhaifu ni yule aliyetoka c8.

Basi mweupe anafanya nini? Askofu kutoka g5 anarudi h4, kisha g3, anakutana uso kwa uso na askofu wa d6. Wakibadilishana mweupe ametoa dhaifu wake akachukua mzuri wa mwenzake. Hesabu ya kete haijabadilika, askari bado sawa kwa sawa, lakini mchezo si sawa tena. Na mweusi naye ana haki hio hio, askofu g4 kwenda h5 kisha g6, anamgonga yule wa d3. Swali linabaki nani anafika kwanza na nani anakubali kubadilishana kwa masharti yake, kwa sababu ukimla g3 yeye anakula kwa askari wa h na ghafla mstari wa h umefunguka upande wake, ukimsubiri akule d6 wewe unarudisha kwa malkia. Vitu vidogo vidogo hivi ndio mchezo wote.

Kwahivo mtu akiniambia "tumebadilishana maaskofu, sare" namuuliza: maaskofu gani?

Nahodha Mamburui

Hapo kwa askofu dhaifu nimepata kitu wallahi, mimi nilikuwa nabadilisha tu yeyote aliye karibu.

SareTupu

Sawa hio nakubali ina maana. Lakini mstari wa e je? Mimi naweka ngome e1, yeye anaweka e8, tunakula zote nne, kwisha habari. Utazuiaje hilo?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Huzuii, unachagua wakati. Na hapa ndio nina la kusema kuliko kwingine kote kwenye huu uzi.

Mstari wazi hauna faida kama hauna nyumba ya kuingilia. Ngome yako imekaa e1 inaangalia mpaka e8, sawa, lakini ikiwa kule mbele e7 inalindwa, e6 inalindwa na askari wa f7, e5 mwenzako ana kete yake, basi ngome yako inaangalia tu. Angalia sasa mpangilio wa kawaida: askofu wa mweusi pale d6 analinda e7. Askofu wa mweupe pale d3 analinda e2. Kwahivo hakuna anayeweza kuingia, ngome zinatazamana, na kwa kuwa haziwezi kuingia kazi inayobaki ni kulana. Ndio chanzo cha sare zote mnazoziona barazani. Watu wanapeleka ngome e1 na e8 haraka kwa sababu walifundishwa ngome ziende mstari wazi, hawaulizi zikifika zitafanya nini.

Ukitaka kushinda usikimbilie kulana ngome. Kwanza weka farasi pale e5 ukiwa mweupe, au e4 ukiwa mweusi. Askari wako wa d anamlinda. Farasi huyo anaziba mstari, ngome zako zinajipanga nyuma yake bila kulazimika kubadilishana, na siku akiondoka anaondoka kwa cheki au kwa tishio. Mwenzako atataka kumfukuza kwa f6, ndio, f6 inamfukuza kweli, lakini iangalie inaacha nini: e6 imebaki bila askari wa kuilinda, na ule mshazari wa h5 mpaka e8 umefunguka. Sasa umepata nyumba ya kuingilia, na mstari wa e ambao mwanzo haukuwa na faida umekuwa na faida.

Kwa maneno mengine (na hapa nitarudia mpaka mchoke) kwanza tafuta nyumba, ngome baadaye.

MkunguniBao (Lamu)

Salaam toka Lamu. Mimi sataranji naijua kiasi tu, mchezo wangu ni bao, jioni mnitafute Mkunguni pale mbele ya ngome kongwe ya mji. Lakini maneno haya nayaelewa. Bao la Kiswahili nalo linaanza sawa kwa sawa, kila mtu kete 6 nyumbani na 2 na 2 ubavuni mwake na 22 mkononi, hakuna aliyezidi hata kete moja. Na sijapata kusikia mzee hata mmoja akaangalia bao limepangwa akasema hili sare hili. Sote twajua alotangulia kunamua (kuingiza kete ya mkononi) ana neno, na baada ya hapo ni akili ya mtu.

KaloleniMpakaMalindi

Mzee wa Lamu umemaliza kazi 😂😂

BintiBarani

Na sisi tunaocheza na mweusi? Mimi nacheza Kifaransa kwa sababu napenda ile vita ya c5, alafu mtu ananibadilishia d5 nabaki kama nimenyang'anywa. Nafanyaje nikitaka kushinda?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Dada wewe hujanyang'anywa kitu, umepewa. Malalamiko makubwa ya mcheza Kifaransa ni nini? Askofu wa c8 amefungiwa na e6 wake mwenyewe. Mweupe akibadilisha d5 amemfungulia mlango bila malipo. Anza na shukrani.

Kuhusu kushinda, kataa kioo mapema. Njia ninayoipenda mimi ni kutompeleka farasi wa mfalme f6 bali e7. Mweupe akicheza 4. askofu d3 wewe farasi wa b unampeleka c6, yeye atalinda d4 kwa c3, wewe askofu d6, kisha farasi e7. Kwa nini e7? Kwa sababu kule f6 anangojwa na askofu wa g5 amfunge (akisogea, malkia wa nyuma yake analiwa), kwa e7 akifungwa unapiga f6 unamfukuza. Na toka e7 anaweza kwenda g6, anaweza kumsaidia askofu atoke f5 kubadilishana na yule mzuri wa d3. Malkia d7, na mfalme anaingia ngomeni upande mrefu. Mweupe karibu kila mara ameshaingia upande mfupi. Sasa askari bado wamefanana lakini wafalme wako pande tofauti, wewe unapeleka g5 na h5 kwake, yeye anakuletea b4 na a4. Nani aseme sare hapo?

Tahadhari moja tu, usiingie upande mrefu kama mweupe ana c4 tayari, hapo mstari wa c unaweza kufunguka usoni kwa mfalme wako na utajuta.

Nahodha Mamburui

Na mweupe kucheza 4. c4 moja kwa moja? Kuna kijana ananisumbua nayo.

Kitunda wa Shela (Malindi)

Hio inaitwa Monte Carlo, na ni ya mtu aliyekataa kioo toka mwanzo. Mweusi akila c4 na askofu akarudisha, mweupe amebaki na askari wa d4 peke yake, hana wa c wala wa e wa kumlinda. Askari yatima. Hapo kioo kimevunjika rasmi na kila mtu ana kazi inayoeleweka: mweupe kete zake ziko huru, anataka kushambulia mapema kabla ubao haujapungua. Mweusi anataka kuweka farasi d5 mbele ya yatima asisogee, na kubadilishana kete ndogo ndogo, kwa sababu kila kete ikiondoka yatima anazidi kuwa mzigo. Wewe nahodha ukicheza na huyo kijana, badilishana farasi na maaskofu uwezavyo, malkia na ngome ziache umshike nazo d4 mpaka aombe maji.

Lakini usidhani yatima ni ugonjwa siku zote. Hapa ndio nilete mchezo wenyewe, na Malindi hapa unapaswa kujulikana kwa sababu aliyeumia ni Mtaliano, na wazee wa Kitaliano wanaocheza kwenye mikahawa ya kwetu baadhi yao wanaukumbuka na hawapendi kuukumbuka.

Beersheba, Israeli, mwaka 1978. Mweupe Stefano Tatai, bingwa wa Italia mara kadhaa. Mweusi Viktor Korchnoi, mmoja wa wakubwa wa dunia wa wakati ule.

1. e4 e6 2. d4 d5 3. exd5 exd5 4. askofu d3 c5!

Mnaona? Hatua ya nne tu mweusi amekataa kioo. Anajitia uyatima yeye mwenyewe kwa hiari.

5. farasi f3 farasi c6 6. malkia e2 cheki, askofu e7 7. dxc5 farasi f6 8. h3 ngomeni 9. ngomeni, askofu anakula c5. Sasa d5 ni yatima wa mweusi. Lakini hesabuni: malkia wa mweupe yuko e2 kwenye mstari wazi ambapo ngome ya mweusi inakuja kumsumbua. 10. c3 ngome e8, malkia lazima atoke. 11. malkia c2 malkia d6 12. farasi wa b anakwenda d2, na Korchnoi anapeleka malkia g3!!

Malkia amewekwa katikati ya askari wa mweupe na hakuna wa kumla. Askari wa f2 amefungwa na askofu wa c5, akila mfalme yuko kwenye cheki. Na tishio ni askofu wa c8 kula h3, kwa sababu askari wa g2 naye amefungwa na malkia mwenyewe, hawezi kumla askofu, na kinachofuata ni mati g2. Tatai akaweka 13. askofu f5 kuziba ule mshazari. Korchnoi, ngome e2. Kumbukeni maneno ya mstari wa e na nyumba ya kuingilia! Nyumba ndio hio, e2. Askofu wa d3 aliyekuwa anailinda ameondoka kwenda f5, malkia yuko c2 lakini farasi wake mwenyewe wa d2 amemkinga asifike. 14. farasi d4 kuziba njia ya askofu wa c5, farasi wa mweusi anakula d4, na Tatai akasalimu amri. Hatua kumi na nne, kwenye "ufunguzi wa sare", na aliyeshinda ni mweusi.

SareTupu

Astaghfirullah. Hatua kumi na nne?

KaloleniMpakaMalindi

Badilisha jina sasa bwana, jiite SareKidogo

SareTupu

😂 Sibadilishi. Lakini kwa haki Kitunda, huyo ni Korchnoi. Wakubwa wawili wa leo waliojiandaa wakikaa hapo, wengi wanaisha sare. Au sio?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Wakubwa waliojiandaa wakitaka sare ndio wataipata, na wataipata kwenye ufunguzi wowote ule sio huu peke yake. Sibishi hapo. Mimi nazungumza na sisi. Sisi hapa barazani mtu anapoteza askofu hatua ya ishirini kwa sababu anaangalia simu, alafu unaniambia usawa wa askari ndio umeamua matokeo?

Na ngoja niongeze, hata mkilana kila kitu mkabaki na askari saba kwa saba na wafalme na kete moja moja, bado sio sare ya kupeana mikono. d5 wa mweusi amekwama nyumba nyeupe. Kama yeye amebaki na askofu wa nyumba nyeupe na wewe una farasi, huyo askofu anagonga ukuta wake mwenyewe, farasi wako anarukaruka nyumba nyeusi asizozigusa, mfalme wako anatembea kuingia e5 au c5. Nimeona watu wakiacha hapo na nikasikitika. Peleka mfalme katikati kwanza, wa kwanza kufika ana faida.

BintiBarani

Na ule wa Slavi ambao wanabadilishana c? 1. d4 d5 2. c4 c6 3. cxd5 cxd5. Ni kitu kimoja?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Ndugu mmoja na huu, ila mstari ulio wazi ni wa c. Swali ni lile lile, nyumba ya kuingilia ni ipi, hapo ni c7 na c2. Tofauti inayonivutia ni kwamba e2 na e7 bado wana askari, kwahivo maaskofu wanahesabiwa vingine: wote wawili wanataka kumtoa askofu nje kwanza, f4 kwa mweupe na f5 kwa mweusi, ndio wafunge e3 na e6. Mweusi akifunga e6 kabla hajamtoa askofu wa c8 amejirudishia shida ile ile ya Kifaransa. Hio inastahili uzi wake, tusichanganye hapa.

Nahodha Mamburui

La mwisho kwangu. Nikiwa mweupe na mtu akanichezea 4... c5 ile ya Korchnoi, nisife kama Tatai nifanye nini?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Usimpe cheki ya e2, ndio kwanza. Cheki ile haikumdhuru mweusi, ilimpa askofu wake nafasi ya kutoka alafu malkia akageuka kuwa windo la ngome. Kula c5 unaweza, lakini baada ya hapo farasi wa b mpeleke c3 ambapo anamgusa yatima wa d5, sio d2 ambapo alimkinga malkia wake. Farasi f3, ngomeni haraka, kisha tafuta kumweka farasi d4 mbele ya yatima na ubadilishane kete ndogo moja au mbili. Kisha askofu g5 umfunge farasi wa f6 anayelinda d5. Ukifika hapo salama yeye ndio wa kuomba sare.

Jumamosi tutaupanga ubaoni, upande wa mweupe nahodha na mweusi dada, wengine mtazame bila kunong'ona majibu.

BintiBarani

Saa ngapi?

Kitunda wa Shela (Malindi)

Baada ya Isha, baraza ile ile nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Saa ya mchezo ipo ila betri zimekufa, mwenye duka aje na mbili ndogo.

SareTupu

Betri naleta mimi. Na nataka kucheza na mshindi, nikiwa na mweupe, na nitabadilisha d5.